Skrini ya Chenge Kisesa

Nathaniel Chenge alipokuja kwenye kibanda changu cha vocha Mabatini, alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, mama." Sikuitikia. Niliendelea kumuunganishia mteja bando la wiki. Mteja mwenyewe, mama muuza dagaa, alinitazama mimi, akamtazama yeye, akachukua simu yake akaondoka bila hata kungoja nimwoneshe namna ya kutazama mpira humo.

Kumnyima mtu marahaba ni jambo zito kwetu, nalijua. Nilimnyima kwa makusudi, na nilisikia raha.

Miaka tisa iliyopita huyu Chenge alikuwa meneja wa Kanda ya Ziwa wa Dakika Tisini, televisheni ya mpira ya kulipia. Mwanza nzima ilikuwa yake. Ukipanda kwenye mawe ya huku juu ukatazama chini, kila paa lilikuwa na dishi lenye nembo yao. Mimi nilikuwa na banda umiza hapa hapa nilipo sasa: mabenchi kumi na mawili, televisheni moja kubwa, pazia jeusi mlangoni. Nilikuwa na kibali cha kuonesha mpira hadharani, na aliyekisaini ni Chenge mwenyewe. Umeme ukikatika watu hawakuondoka. Nilishika redio sikioni nikawatangazia kwa sauti yangu, Kiswahili kidogo, Kisukuma kidogo, mpaka filimbi ya mwisho, na wengine waliomba umeme usirudi.

Halafu makao makuu Dar wakataka wezi. Matangazo yalikuwa yanaibwa kila kona, kwa hiyo kila kanda iliambiwa ilete mtu wa mfano. Wezi Chenge aliwajua, lakini walikuwa watu wenye mabaa makubwa na marafiki wakubwa. Akanikumbuka mimi, mjane wa Mabatini. Asubuhi ya mechi ya watani wa jadi alikuja anatabasamu, akaomba kile kibali akakihuishe. Nikampa kwa mikono miwili. Jioni alirudi na askari, akaniuliza mbele yao kibali changu kiko wapi.

Hawakunipeleka kituoni moja kwa moja. Walinipandisha kwenye pikapu yao ya matangazo pamoja na televisheni yangu, na Chenge akashika kipaza sauti mwenyewe. "Huyu ni Odeta! Mwizi wa matangazo! Mtazameni vizuri!" Tulizunguka Mabatini yote kwa mwendo wa harusi. Binti yangu Selina alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikimbia nyuma ya lile gari mpaka kwenye lami, kandambili moja mguuni na nyingine mkononi, akiita mama, mama. Siku ya tatu polisi wakaniachia. Hakuna kesi, hakuna shitaka, nenda nyumbani. Lakini hakuna aliyepita na kipaza sauti kutangaza kwamba nimeachiwa. Kanisani niliombwa nipumzike kwaya mpaka maneno yapoe, na hayakupoa.

Kwa hiyo Dakika Tisini ilipoanza kuporomoka, nilifurahi. Sioni haya kusema. Kwanza walipoteza ligi za Ulaya. Kisha watangazaji wao wazuri wakahama mmoja mmoja, kampuni ikabaki kurudia mechi za miaka ile kama mtu anayepasha moto ugali wa juzi. Watu wakagundua kwamba simu inaonesha mpira, na simu unakwenda nayo hata chooni. Mabatini leo ukiona dishi la Dakika Tisini limeshushwa chini, limeanikiwa dagaa au limefunika vifaranga. Na mengi nimeyashusha mimi. Kila mteja aliyekuja kununua bando nilimwambia, achana na king'amuzi, nipe hiyo simu nikuwekee mpira. Nilikwenda hadi majumbani, nikawafundisha wazee wenye macho mabovu kubonyeza pale penye kijani. Ofisi ya Chenge ilikuwa na ghorofa mbili mjini. Ikawa ghorofa moja, ikawa chumba. Gari lake likageuka pikipiki. Aliye juu mngoje chini, wanasema. Mimi sikumngoja tu, nilimvuta miguu.

Ndipo siku hiyo ya mwezi wa tano akaja na shikamoo yake.

"Mama Selina," alisema alipoona hapati jibu, "nina shida, na anayeiweza ni wewe."

Akaieleza akiwa amesimama, maana kiti sikumpa. Dar walitaka kuifunga ofisi ya Kanda ya Ziwa. Aliwaomba nafasi moja ya mwisho: wiki ya Bulabo, yale mashindano ya ngoma ya Kisesa, angeweka skrini kubwa uwanjani na kuonesha mechi ya watani bure. Mkurugenzi wao, Bi Nasma, angepanda ndege aje aone kwa macho kama Dakika Tisini bado ina watu. Ikiwa na watu, ofisi ingebaki. Alihitaji mshereheshaji wa kuvuta umati, na Kisesa nzima inanijua mimi. Nilizaliwa pale, niliimba ngoma pale kabla sijaolewa.

"Unakumbuka ulichonifanyia?" nikamuuliza.

"Nakumbuka."

"Kibali changu kiko wapi?"

Alitazama viatu vyake. "Nilikichana."

Nilitamani kumrushia kikombe cha chai. Badala yake nikamwambia sharti langu: wakati wa mapumziko ya mechi ashike kipaza sauti, aseme mbele ya watu kwamba Odeta wa Mabatini si mwizi, na kwamba kibali alikichana yeye. Alifikiri kidogo, akasema, "Nitasema. Mapumziko, mama. Neno langu."

Neno lake! Nilicheka baada ya kuondoka, kicheko cha peke yangu.

Lazima nieleze kwa nini nilitaka jambo hilo lisemwe mwaka huu na si mwaka mwingine. Selina sasa anasoma Dar, na kijana wa Magu anayeitwa Jonathan alikuwa ametaka kumposa. Kabla ya posa ukoo hutuma mtu kuulizia, ndivyo ilivyo. Wao walimtuma shangazi yake, Dorcas, mwanamke mpole asiyepitwa na kitu. Alifika Mabatini, akauliza dukani, akauliza kanisani, na pande zote mbili akasimuliwa ile pikapu. Alirudi Magu na posa ikasimama. Nilipompigia Selina kumweleza ahadi ya Chenge, alilia kwa furaha. Siku hiyo hiyo alimpigia Dorcas, akamsihi aje Kisesa, asikie mwenyewe wakati wa mapumziko. Dorcas akakubali.

Kila kitu kilikuwa mkononi mwangu. Nilichotakiwa kufanya ni kuita watu waje kwenye skrini ya Chenge, ningoje dakika arobaini na tano, basi.

Lakini mimi sikutaka basi. Kila nilipofumba macho nilimwona Selina na ile kandambili. Huyu aseme sentensi moja, apigiwe makofi kwa ungwana wake, ofisi yake ibaki, arudi kwenye gari? Nilitaka aanguke kwanza. Nilitaka asimame mbele ya uwanja mtupu kama nilivyokaa mimi juu ya pikapu, kisha aje upande wangu, kwa kipaza changu, aseme akiwa ameshindwa. Nilijua pia, au nilijiambia kwamba najua, kuwa mapumziko yakifika atajifanya amesahau. Mtu aliyechana karatasi atashindwa kuvunja neno lake?

Chenge ni mtoto wa Magu, lakini alikulia ofisini, na uwanja wa ngoma haujui. Pale Kisesa ngoma haichezwi peke yake. Kundi moja linasimama upande huu, jingine upande ule, Bagika na Bagalu, wanaanza kwa pamoja, na waamuzi ni watu kwa miguu yao. Wakikuhama, umeshindwa. Ukisimama pale peke yako na kipaza sauti, umemkaribisha yeyote asimame mbele yako, na hakuna wa kumzuia. Chenge aliomba ruhusa ya kuweka skrini, akapewa, akadhani amepewa uwanja.

"Nisimame upande gani?" aliniuliza wiki moja kabla.

"Mashariki," nikamwambia. "Ndiyo upande wa heshima."

Ndiyo upande ambao jua la jioni linakupiga usoni. Hata watoto wa ngoma wanaukimbia.

Kisha nilikwenda kwa Nkwabi, kiongozi wa kundi la bugobogobo, ile ngoma ya majembe, tuliyecheza naye tangu ujana. Nikamwomba ngoma zake na spika zake. Nilimweleza mpango wangu. Alikuna ndevu.

"Odeta, huyo mtu si amekubali kukusafisha? Hasira hasara, dada yangu."

"Ukiogopa sema, nimtafute mwingine."

"Nani ameogopa?" akasema, na nilijua nimempata.

Selina nilimwambia nusu. Nilimwambia anunue tiketi, aingie uwanjani kule Dar, na mechi ikianza anipigie simu asiikate mpaka mwisho, anisimulie kila pasi.

"Kwa nini, mama? Si mtakuwa na skrini?"

"Wewe fanya."

"Mama." Akashusha sauti. "Tafadhali usiharibu."

Nikamwambia sijawahi kuharibu kitu.

Siku yenyewe ilifika. Watu walijaa kutoka asubuhi, ngoma zikachezwa, nyoka wakachezewa, na ilipofika saa kumi na moja jioni Chenge akawasha skrini yake. Ilikuwa kubwa kweli, pana kama ukuta wa shule. Bi Nasma alikuwa ameketi pembeni chini ya mwavuli, mtandio wa kijani, miwani myeusi, daftari mapajani. Nilishika kipaza cha Chenge nikawaita watu, nao wakaja, labda elfu mbili. Dorcas alikuwa mstari wa mbele na kitenge kipya. Chenge alinitazama kwa shukrani, na nilimwonea karaha kwa shukrani ile. Mpira ulipoanza nikamrudishia kipaza chake mkononi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kazini," nikasema.

Nilivuka uwanja hadi upande wa magharibi, ambako Nkwabi alikuwa ameshapanga ngoma zake. Selina alikuwa sikioni mwangu. Nkwabi akapiga mara tatu, na watu wote wakageuka, maana mlio ule kila Msukuma anaujua: kuna aliyekuja kushindana.

Sasa, jambo hili wenye mabanda tunalijua tangu zamani. Picha ya king'amuzi inapanda angani kwanza ndipo ishuke, kwa hiyo inachelewa kidogo. Picha ya simu inachelewa zaidi. Lakini mtu aliye uwanjani akikusimulia kwa simu, sauti yake inafika hapo hapo. Nikaanza kutangaza. "Kona! Anapiga, kipa anaupangua!" Upande ule mpigaji alikuwa bado anauweka mpira chini. Kisha akapiga, na kipa akaupangua. Watu wakatazamana.

"Faulo, kadi ya njano!" nikasema. Wakatazama skrini, jua limeipiga hadi wachezaji wanaonekana kama sisimizi kwenye unga. Faulo. Kadi ya njano.

"Huyu mama ni mfumu, anaona yajayo!" mtu akapiga kelele, na kicheko kikapita uwanja mzima. Wakaanza kunijaribu. Walioshika simu zao walinyoosha mikono wakihesabu, wakakuta simu iko nyuma ya skrini, na skrini iko nyuma yangu. Kwanza wakaja wachache wanaopenda utani. Dakika ya ishirini na sita Selina alipiga yowe sikioni, nami nikapiga lile lile kwenye spika: "Gooooli!" Watu wangu waliruka juu. Waliobaki kwa Chenge walisimama midomo wazi, wakaliona goli likifungwa wakati sisi tumeshamaliza kushangilia. Nani anataka kushangilia goli lililopoa? Wakahama. Walihama kwa makundi, wengine wakikimbia, wamebeba viti vyao vya plastiki vichwani. Nkwabi akaingiza bugobogobo kati ya pasi na pasi, majembe yakarushwa hewani, vumbi likapanda. Hata Dorcas nilimwona anakuja, amekunja kitenge, anacheka.

Ilikuwa tamu. Sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile na sitegemei kuonja tena. Kwa juu ya vichwa nilimwona Chenge amesimama kando ya skrini yake, kipaza mkononi, anaita watu, na sauti yake haifiki popote. Bi Nasma alivua miwani, akaandika kitu, akafunga daftari. Nikasema moyoni, zungushwa na wewe.

Filimbi ya mapumziko ikalia. Selina sikioni akasema, "Mama, ni sasa. Nyamaza basi, asikike. Dorcas yuko wapi?" Nikamjibu ngoja, yule hatasema kitu, atakuja huku mwenyewe. Nilitazama ng'ambo. Chenge alikuwa amepanda jukwaani, ameishika karatasi, midomo inacheza. Mbele yake kulikuwa na viti vitupu, muuza karanga mmoja na mbuzi wa mtu.

Nilidhani anawabembeleza watu warudi. Haki ya Mungu, ndivyo nilivyodhani. Baadhi ya watu wangu walianza kugeuza shingo wamsikilize, na nikaogopa nisije nikawapoteza.

"Nkwabi," nikasema, "piga!"

"Nipige isikike mpaka wapi?"

"Piga mpaka ngozi ipasuke!"

Akapiga. Elfu mbili wakacheza, Dorcas kati yao. Niliimba wimbo wa ujana wangu, ule wa kumcheka aliyehamwa na watu, na kiitikio kilifika barabara ya Musoma. Nilipotazama tena, Chenge alikuwa ameshuka jukwaani na ameketi kwenye ngazi.

Kipindi cha pili nakikumbuka kidogo. Mechi iliisha, watu wakanibeba, wakaniteremsha, wakaanza kutawanyika kwenda kutafuta magari. Bi Nasma alivuka uwanja akiinua gauni lisishike vumbi. Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Wewe ndiye Odeta?" aliniuliza.

"Ndiye."

"Pole kwa yaliyokupata. Nilikuwa sijui kabisa habari ya hicho kibali. Meneja wangu ameisoma yote pale juu, kwamba wewe si mwizi, kwamba alikichana kwa mkono wake ili apate mtu wa kukamata. Ofisi ningeifunga tu, kwa nilivyoona leo. Yeye nilitaka kumhamishia Dar. Kwa maneno yale siwezi tena."

"Ameisoma saa ngapi?"

"Mapumziko," akasema, kama mtu anayeshangaa swali. "Si mlikubaliana mapumziko?"

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na minne, nilikimbia kuvuka uwanja ule. Chenge alikuwa anakunja nyaya, na mafundi wake walikuwa wameshaanza kuishusha skrini vipande vipande.

"Rudia," nikamwambia. "Watu bado wako barabarani. Chukua kipaza changu, kina nguvu. Rudia."

Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alionekana mtu aliyechoka tu. "Nimeshasema, mama. Nilisema nikiwa na kazi, mbele ya bosi wangu. Nikisema sasa hivi, watasema aliyeshindwa anamsifia aliyemshinda. Unajua mwenyewe, hapa maneno ya aliyeshindwa hayasikilizwi." Akaupachika mzunguko wa waya begani. "Watu ulikuwa nao wewe," akasema, akaelekea kwenye gari la Bi Nasma.

Nikageuka kumtafuta Dorcas. Alikuwa karibu na lango, anajifuta jasho kwa kitenge. Alinishika mikono yote miwili.

"Wabeja, asante, dada. Umetuchezesha kweli kweli. Sasa lile tangazo mliloniitia, lilikuwa la saa ngapi?"

Nikamwambia lilishasemwa. Nikamwambia Bi Nasma amelisikia, nikageuka nimwoneshe. Gari lao lilikuwa linaingia barabarani, na Chenge ameketi nyuma. Dorcas alilitazama gari, akanitazama mimi, bado amenishika mikono, ila sasa kwa vidole tu.

"Basi mimi nitawaambia nyumbani nilichosikia," alisema kwa upole. "Magari ya Magu yanaondoka."

Simu ilikuwa bado mfukoni mwangu, haijakatwa. Nilipoiweka sikioni, Selina alikuwa pale, na nyuma yake kelele za watu wa Dar wanaotoka uwanjani.

"Mama, alisema?"

"Alisema."

"Yote?"

"Yote. Na kibali."

Nilisikia akivuta pumzi. "Mimi sikusikia kitu, mama. Nilibana simu mpaka sikio likauma, nikasikia ngoma tu. Nani alikuwa anapiga ngoma mtu anaongea?"

Nkwabi alikuwa mbele yangu anafunga ngoma zake kwa kamba. Ningeweza kumtaja yeye, na asingekataa.

"Nilimwambia mimi apige," nikasema.

Nilimwita Selina mara mbili, nikaitazama simu, nikakuta dakika bado zinahesabu.